Mashine Ichemshe Maji, Majani Tuchague Wenyewe

Hii ni hotuba niliyoitoa katika mkutano wetu wa wenye mikahawa na wapika chai, hapa kisiwani Mombasa. Wengi wenu mlinipigia simu mkasema kazi iliwazuia, na wengine mlikwama ng'ambo ya Likoni mkingoja feri. Nimeiandika yote kama nilivyoisema, isiwapite.

Mwenyekiti wetu, wazee wangu, kina mama wenzangu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, assalaam aleykum. Na ndugu zetu wa dini nyingine, hamjambo nyote?

Niingie kwenye jambo lenyewe. Mnawajua wale vijana wenye mashati yaliyopigwa pasi, wanaopita mkahawa kwa mkahawa kuanzia Mwembe Tayari hadi Majengo, wakituonyesha picha za mashine za chai kwenye simu? Nani hapa hajatembelewa? Naona mkono mmoja tu. Basi mama, wiki hii watafika kwako.

Maneno yao tumeshayakariri. Bonyeza kitufe, kikombe kinajaa. Hakuna moshi, hakuna sufuria ya kusugua, hakuna mpishi wa kuchelewa kazini. Kikombe cha mia kitakuwa sawa na cha kwanza. Nami nikawauliza swali moja, na leo nawauliza nyinyi: kikombe kinajaa chai gani?

Nauliza tena, maana mambo yote yamo humo. Chai gani?

Sikuja kupiga vita mashine. Anayetaka kusikia kwamba kila kitu cha umeme ni kibaya, leo hatanisikia mimi nikisema hivyo. Ninachosema ni kwamba chai ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuchemsha, na hiyo ni kazi ya moto, nguvu na muda. Ya pili ni kuchagua: majani yepi, maziwa kiasi gani, tangawizi iingie lini, sukari iwepo au isiwepo. Kazi ya kwanza mpe mashine ukipenda, na mimi nitakusaidia kuibeba kuipitisha mlangoni. Kazi ya pili ukiitoa, umetoa mkahawa wako.

Watu wameitamani mashine ya chai tangu zamani. Mwaka 1902, mjini Birmingham, Uingereza, fundi wa bunduki aitwaye Frank Clarke alisajili mtambo wa kupika chai wenyewe. Sikilizeni ulivyofanya kazi. Kulikuwa na saa ya kengele. Wakati ukifika, saa inaachia njiti ya kiberiti ijikwaruze, njiti inawasha jiko dogo la spiriti lililo chini ya birika. Maji yakichemka, birika linainama lenyewe na kumimina maji kwenye chombo. Kisha kengele inalia, mwenye nyumba anafumbua macho, maji ya chai yako tayari. Fikirini moto wa spiriti ubavuni mwa kitanda, na watu wamelala! Ilipofika miaka ya 1930 ikaja ya umeme, iliyo salama zaidi, wakaiita Teasmade, na Waingereza wengi wakaiweka chumbani kando ya mto.

Sasa niambieni: katika mtambo ule, nani alichagua majani? Ni mwenye nyumba, usiku, kabla hajalala. Nani aliyeamua maziwa yawe mengi au kidogo? Ni yeye tena, asubuhi, akiwa amekaa kitandani. Ule mtambo ulimchemshia maji tu, ukaishia hapo.

Na leo zipo nzuri kuliko ule. Kampuni ya Breville ya Australia inatengeneza buli la kioo lenye kikapu kidogo cha majani. Unachagua joto na dakika. Maji yakifika joto lile, kikapu kinateremka chenyewe majini, na muda ukiisha kinapanda. Chai ya kijani inataka maji yasiyofika kuchemka, nyuzi 80 hivi. Chai nyeusi inataka yanayochemka au karibu yake. Ile mashine inajua. Anayekunywa chai ya rangi bila chochote, na ana pesa ya kuinunua, simzuii. Lakini imeundwa kwa maji na majani, haikuundwa kupikia maziwa. Wateja wangu wa asubuhi wanataka chai ya maziwa iliyopikwa, ya tangawizi, na mahamri na mbaazi pembeni. Hiyo haimo katika vitufe vyake.

Hapo nimezungumzia mashine zinazomheshimu mnywaji. Zile wanazotuletea milangoni si hizo.

Kabla sijafika kwenye hizo, nataka niwapeleke mahali ambapo wengi wenu mnapita nje tu. Kabla ya kufungua mkahawa, nilifanya kazi ya kupanga vikombe katika chumba cha kuonjea chai hapa mjini. Mnajua kwamba sisi ni mji wa mnada wa chai? Mnada ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na haujaondoka. Chai ya Kericho, Nandi, Murang'a na Kisii, chai ya Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania, Malawi, inateremka mpaka hapa kila wiki ikauzwe kwa dola. Kenya ndiyo inayouza nje chai nyeusi nyingi kuliko nchi yoyote duniani, na nyingi ya hiyo hutokea hapa Kilindini. Magunia yamejaa kwenye maghala ya Shimanzi na Changamwe, mwendo mfupi kutoka kwenye viti mnavyokalia.

Turudi kwenye chumba. Meza ndefu kando ya madirisha. Juu yake safu ya vikombe vyeupe vya kauri vyenye vifuniko, na mdomo wa kila kikombe una meno madogo upande mmoja. Majani yanapimwa kwenye mizani, gramu 2 kwa kila mililita 100 za maji. Maji yanayotokota yanamiminwa, kifuniko kinawekwa, saa inahesabu dakika 6. Kipimo hicho kimeandikwa, kinaitwa ISO 3103, kimekuwapo tangu mwaka 1980. Muda ukiisha, kikombe kinalazwa juu ya bakuli, chai inachuruzika kupitia yale meno, majani yanabaki nyuma. Makapi yanageuzwa juu ya kifuniko yaangaliwe rangi. Yakiwa ya shaba inayong'aa, mwonjaji anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha anakuja na kijiko chake. Anavuta chai kwa pumzi, fyuuu, itawanyike mdomo mzima na kupanda puani, anatema kwenye ndoo, anasogea kikombe cha pili, cha tatu, cha hamsini. Mtu anapita safu nzima, na akirudi anakwambia kiwanda kipi mvua ilizidi wiki ile.

Kwa nini nawasimulia haya? Kwa sababu pale mkono unaondolewa kwa makusudi. Chai zote zinapikwa sawa, kwa mizani na saa, ili jani lenyewe liseme. Hakuna anayemwonea jani la Nandi kwa kulitilia maji mengi. Na hapo, wenzangu, wauza mashine wanasema kweli juu yetu. Sisi tunatia majani kwa kukisia. Asubuhi chai nzito, saa kumi jioni rangi tupu. Mteja aliyekuja jana akasifu, leo anakunja uso. Nani hapa ana mizani jikoni? Nani ana kijiko kimoja cha kupimia ambacho hakibadiliki akibadilika mpishi? Mizani ndogo haitaki fundi wala mkataba. Nunua. Kosa hilo tunalo, na dawa yake haigharimu bei ya mashine.

Kuna jambo lingine nililolipata mle chumbani ambalo kila mpika chai anapaswa kulijua. Watu huniambia kuhusu D1, moja ya daraja za majani ya chai, "Mama, D1 ni vumbi, ni takataka za kiwandani." Si kweli. Karibu chai yetu yote hupitia roli zenye meno zinazokata jani, kulichana na kulisokota. Ndiyo hiyo CTC, njia aliyoibuni William McKercher huko Assam, India, karibu na mwaka 1930. Baadaye punje hupepetwa kwa chekeche. Kubwa zinaitwa BP1, zinazofuata PF1, kisha PD, na ndogo kabisa ni D1. Ni ukubwa wa punje tu. D1 ya kiwanda kizuri inaishinda BP1 ya kiwanda kibaya asubuhi na jioni. Punje ndogo hutoa rangi na nguvu upesi, kwa hiyo kwa sufuria ya chai ya maziwa mimi natumia PD au D1 nzuri, na natumia majani machache. Kwa mteja wa chai ya rangi natafuta PF1 au BP1, inayotoa ladha taratibu bila kukimbilia ukakasi.

Na maji yetu ya moto si kama ya bara. Kericho iko juu ya bahari mita 2,000, na huko maji huchemka yakifika kama nyuzi 93. Nairobi ni kama 94. Sisi tuliopo usawa wa bahari tunafika 100 kamili. Jani lililozaliwa mlimani linakutana na moto wote likifika kwetu. Kwa hiyo ukipewa maelekezo ya mtu wa Limuru, dakika zile zile, majani yale yale, huku itatoka kali zaidi. Punguza dakika. Onja. Nani atakaeonja kama mpishi ameondolewa?

Mmeona? Mashine imo kwenye chai yetu tangu kiwandani, nayo inafanya kazi nzuri ya kukata, kusokota na kupepeta. Nami nashukuru. Lakini mle kiwandani yupo mtu anayenusa majani yakiwa yanageuka rangi na kuamua sasa yatosha, yaingie motoni yakaushwe. Na mle mnadani yupo mwenye kijiko. Njia yote kuna mtu anayechagua. Iweje mteja wa mwisho, pale mkahawani kwangu, asiwe na mtu?

Sasa tuje kwenye hizi za milangoni. Nilipomwambia muuzaji afungue mashine nione ndani, hakufurahi, lakini alifungua. Ndani kuna tangi la maji ya moto. Kuna vikasha vya unga. Kuna kikombe kidogo chenye panga linalozunguka, la kukorogea. Ukibonyeza, unga unaanguka, maji yanaanguka, panga linazunguka, povu linatokea, basi. Hakuna jani hata moja mle. Hakuna hata tone la maziwa ya ng'ombe aliyekamwa jana. Ule unga kwa kawaida ni sukari, maziwa ya unga au kitu cha kuigiza maziwa, na rojo ya chai iliyokaushwa, pamoja na manukato ya kuigiza iliki. Chai ile ilipikwa mbali katika mapipa, ikakaushwa kwa hewa ya moto, na harufu, ambayo huwa ya kwanza kuruka, iliruka huko huko.

Tena unga ule unauziwa wewe na yule yule aliyekuuzia mashine. Mashine anaweza hata kukukopesha. Unga hakukopeshi. Akipandisha bei, utafanya nini? Utatia majani yako ya Shimanzi kwenye tundu la unga? Utaiziba. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na anayekujia mpaka mlangoni na mashine ya mkopo hafuati kikombe chako cha chai, anafuata unga utakaoununua kila mwezi mpaka uzeeke.

Ngoja niwape kisa. Nilimpeleka mamangu mdogo kwa daktari, jengo moja hapa mjini, silitaji. Ana ugonjwa wa sukari, na alikuwa amefunga tangu alfajiri kwa sababu ya kipimo cha damu. Kipimo kikaisha, akataka chai ya maziwa bila sukari, amalizie na kipande cha mkate alichobeba kwenye mkoba. Pale kwenye korido kuna mashine. Nikatafuta kitufe cha bila sukari. Vitufe viko vinne: chai ya maziwa, chai ya tangawizi, chai ya iliki, chokoleti. Nikamuuliza kijana mlinzi, akaniambia kwa adabu kabisa, "Mama, zote zina sukari, imo kwenye unga." Mamangu mdogo akanitazama, akasema, "Na mwenye sukari anywe nini hapa?"

Ilikuwa ni mahali pa wagonjwa, ndugu zangu! Mle ndani wanamwambia aache sukari, mle koridoni hawampi chai isiyo na sukari. Tukatoka, tukavuka barabara, akapikiwa na mwanamke mmoja mwenye jiko na sufuria chini ya mwarobaini. Aliulizwa maswali mawili tu: "Sukari nikutilie? Majani mengi au kidogo?" Maswali mawili. Mashine ya mamia ya maelfu ya shilingi haikuwa nayo.

Kwa hiyo nikiwauliza chai gani, siulizi kwa ajili ya utamu. Pwani hii tuna wazee wangapi wenye sukari na presha? Nyumba gani haina? Wewe mwenye mkahawa unawajua kwa sura. Unajua yule mzee wa baraza ya Kibokoni akija mwagizie ya rangi, unajua yule dereva wa lori anataka tangawizi mpaka koo liwake. Hiyo ni kazi, na ni kazi ya kulipwa.

Na kuna ujuzi ambao hauonekani mpaka ukosekane. Mkahawani kwangu alikuja kijana kufanya kazi, hodari, mwepesi wa mkono. Siku ya kwanza akatia maziwa sufuriani, yakapata vuguvugu, akakwaruza tangawizi mbichi juu yake. Maziwa yakakatika, mabonge mabonge. Akasema maziwa yalikuwa mabovu. Hayakuwa mabovu. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini za maziwa, kitaalamu zinjibeini. Kule Guangdong, Uchina, watu hukitumia kwa makusudi: humimina maziwa ya moto kiasi juu ya maji ya tangawizi yakagande laini, wakala kwa kijiko. Lakini kimeng'enya kile hufa kikichemshwa. Ndiyo maana mama zetu, bila kusoma kemia, walianza na maji, tangawizi na mdalasini, wakaacha vitokote kwanza, majani yakafuata, maziwa yakaingia baadaye. Iliki iliyopondwa wakati huo huo ikaja karibu na mwisho, kwa sababu harufu yake hairudi ikishapanda na mvuke. Na maziwa yakiingia hupunguza ukakasi, maana protini zake hushikana na ule utomvu mkali wa majani. Kwa hiyo chai ya maziwa huvumilia kuchemka, na chai ya rangi ukiichemsha hivyo hivyo utaimwaga.

Yule kijana nilimwonyesha mara moja, akashika. Sasa ndiye anayepika ya asubuhi, na wateja wanamtaja kwa jina lake. Mashine ya unga ingemwokoa na yale mabonge, kweli. Na asingejua kupika chai ya tangawizi maisha yake yote. Watakuja vijana wengine baada yake. Tukiwafundisha kubonyeza tu, siku stima ikipotea watafanya nini?

Na stima hupotea. Hamkumbuki usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, nchi ilipoingia gizani? Asubuhi yake sehemu nyingi za nchi bado hazikuwa na umeme. Mimi nilipika kwa gesi kama siku zote, na watu walikuja kuliko siku zote. Maji pia yanataka kusemwa, ingawa kwa ufupi. Yanayokuja kwa bomba kutoka Mzima, kule Tsavo, na maji ya visima vyetu vya chumvi hayafanani, na kila chombo cha kuchemshia kinaota ukoko mweupe ndani. Sufuria utaisugua kwa ndimu ikatakata. Vijibomba vya mashine ni vyembamba, vikiziba utamwita fundi wa kampuni, na fundi wa kampuni yuko Nairobi.

Lakini nisiwe mtu wa kuona upande mmoja. Kina mama wenzangu mnaopikia wapakizi wa bandarini, mnaoamka kabla ya adhana ya alfajiri, mimi najua macho yenu yanavyowasha kwa moshi wa makaa. Najua uzito wa sufuria kubwa ikiwa imejaa na inatokota. Jirani yangu sokoni aliteleza nayo. Sakafu ilikuwa na maji, kanga ikanasa kwenye mkono wa sufuria, na chai yote ikamshukia mapajani. Alikaa ndani muda mrefu, biashara ikafa, wateja wakahamia kwingine, na aliporudi alirudi na vikombe vya kukopa. Nani atasema mwanamke yule hakustahili mashine?

Alistahili! Alistahili birika kubwa la umeme lenye bomba, linalochemsha maji na kukaa mezani bila kunyanyuliwa. Unafungua bomba, maji yanaingia kwenye sufuria ndogo, unapika chai ya wateja kumi kwa wakati, nzito au nyepesi, yenye sukari au isiyo nayo. Hakuna anayebeba moto. Hakuna unga. Hiyo ndiyo mashine ninayotaka tuinunue, hata kwa kuchangiana. Na jiko la gesi badala ya makaa, na mizani, na chupa za chai zinazohifadhi joto vizuri. Mashine inayomwondolea mtu hatari, karibu. Inayomwondoa mtu mwenyewe, tuulizane kwanza.

Kwa maana wale vijana wa mashati hulisema waziwazi: "Utapunguza mtu mmoja." Huyo mtu mmoja ni nani? Wengi wetu humu ndani tulianza tukiwa ndio huyo mtu mmoja, tukiosha vikombe. Mwezi Mei mwaka 2023, kule Kericho, watu walichoma moto mashine za kuchuma chai kwa hasira ya kazi zilizopotea. Mimi sisifu kuchoma. Lakini naielewa hasira, na naona ingekuwa aibu kubwa kama jani lililomponyoka mchumaji wa Kericho lingemponyoka na mpishi wa Mombasa, na katikati yao hakuna aliyeulizwa.

Nimekaribia kumaliza, na nataka tuondoke na kitu cha mkononi.

Sisi hatuwezi kuingia mnadani na kununua kwa jina letu. Wanunuzi wa pale ni wanachama waliosajiliwa, na magunia yanauzwa kwa mafungu makubwa. Ndiyo maana kila mmoja wetu hununua pakiti dukani, kwa bei ya pakiti, majani ambayo hajui yametoka kiwanda gani. Na hapo ndipo wauza unga wanapotupata, kwa sababu pakiti imepanda na sisi tunaona heri kitufe. Lakini wapo wachanganyaji na wapakiaji hapa hapa mjini wanaonunua mnadani kisha wanauza kwa gunia. Mmoja mmoja hawatusikilizi. Tukienda mikahawa yote iliyo humu ndani, tutachagua wenyewe: gunia la PD kwa ajili ya chai ya maziwa, gunia la PF1 kwa ajili ya rangi, na tutaonja kabla ya kulipa. Nitaleta mizani na vikombe, tutapima gramu 2 kwa mililita 100, dakika 6, kama nilivyoona wakifanya. Kila mmoja atavuta kwa kijiko na kusema lake. Mkutano ujao meza hii itakuwa na safu ya vikombe badala ya soda.

Daftari liko mezani kwa mhazini, pale karibu na dirisha. Andika jina la mkahawa wako na kilo za majani unazotumia kwa wiki, kilo za kweli, usiongeze. Wenye vibanda vya barabarani msione haya, nusu kilo nayo inaandikwa. Na mwenye sampuli ya majani anayoyaamini aje nayo, kwenye karatasi, ameandika alikoyanunua. Tuanze na nyinyi wa safu ya mbele, tafadhalini, msisukumane.